Kanuni za Kiingereza anazijua, lakini akisoma habari haielewi: afanye mazoezi gani?

Mama mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yupo kidato cha pili katika shule ya kata. Darasa la saba alifaulu vizuri, na masomo yote alisoma kwa Kiswahili. Sasa kila jioni anafanya mazoezi ya sarufi ya Kiingereza na kanuni anazitaja kwa kichwa, lakini akipewa habari asome na kujibu maswali hapati hata nusu ya alama, na akiandika anarudia makosa yaleyale. Aongeze sarufi, asome zaidi, au nimtafutie tuisheni? Mimi mwenyewe Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nitamsaidiaje?"

Marahaba, mama. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba asiongeze mazoezi ya sarufi ya namna anayoyafanya sasa, wala asiiache sarufi. Abadili mahali pa kuifanyia kazi. Sarufi aichimbe ndani ya habari anayoisoma, habari nayo aisome kwa jicho la sarufi, na katika kazi zote mbili atumie Kiswahili chake kama kipimo. Kwa kuwa kipimo hicho unacho wewe pia, na huenda unacho kwa ukamilifu kumshinda yeye, nafasi yako katika jambo hili ni kubwa kuliko unavyodhani. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu swali lako ndilo la wazazi wengi.

Kwanza nakuomba usimwone binti yako kuwa mzito wa kuelewa. Mtoto aliyesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwa miaka saba, huku Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi, huingia sekondari na kukuta karibu kila somo linafundishwa kwa lugha ambayo hajawahi kuitumia hata kuombea maji ya kunywa. Shida hii ni ya zamani. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba masomo ya sekondari yaanze kufundishwa kwa Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kuona kwamba wengi mno hawakuimudu lugha waliyofundishiwa. Mradi uliofuata, uliogharimiwa na Uingereza, uliingiza shuleni vitabu vyepesi vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, kwa hoja kwamba mwanafunzi hawezi kuimudu lugha ambayo haisomi. Hoja hiyo naiamini mpaka leo, na nitairudia baadaye.

Sasa tuangalie kwa nini mazoezi ya kila jioni hayamfikishi anakotaka. Zoezi la kawaida la sarufi huwa na sentensi kumi au ishirini zisizohusiana, kila moja ina pengo, na juu yake pameandikwa kwamba zote ni za wakati uliopo wa mazoea. Mtoto anakutana na "She ______ to school every day", anaona "every day", anaandika "goes", anasonga mbele. Kufikia sentensi ya tatu hasomi tena. Macho yake yanatafuta tu lile neno moja linaloonyesha njia. Ndani ya habari hakuna anayemwambia kanuni ipi inatumika, na vitenzi vya nyakati tatu au nne huchanganyika katika aya moja, kila kimoja kikiwa na kazi yake. Akiandika insha hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu hapo hakuna pengo wala kichwa cha zoezi. Ndiyo maana kanuni anazo lakini hazimjii anapozihitaji.

Makosa anayorudia nayo yana asili yake. Nimesahihisha madaftari ya wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne kwa miaka mingi, na naweza kukutajia sehemu kubwa ya makosa ya binti yako kabla sijaliona daftari lake, kwa sababu mengi ni Kiswahili sahihi kilichovaa maneno ya Kiingereza. Kosa la aina hii haliondoki kwa kupigiwa mstari mwekundu. Linaondoka siku mwanafunzi anapoona lilikotoka.

Chukua sentensi "The book which I read it was good." Kwa Kiswahili tunasema "Kitabu ambacho nilikisoma kilikuwa kizuri", na ile "-ki-" iliyo ndani ya "nilikisoma" inakiwakilisha kitabu. Mtoto anahisi, na kwa lugha yake anahisi sawasawa, kwamba bila hiyo sentensi imepungua kitu, basi anatia "it". Mwonyeshe kwamba katika Kiingereza "which" imeshashika nafasi hiyo, na nafasi moja haikaliwi na wawili: "The book which I read was good." Vivyo hivyo na "Although he was sick, but he went to school." Sisi husema "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikwenda shuleni" na hakuna anayeshtuka, ilhali Kiingereza hukubali kiunganishi kimoja tu kati ya hivyo viwili. Na "unless", ambayo kwenye mitihani huwapotosha wengi, inabeba ukanushi ndani yake kama vile "asipokuja" inavyobeba "-si-". Kwa hiyo "asipokuja" ni "unless he comes". Anayeandika "unless he does not come" amekanusha mara mbili.

Kosa la "He didn't went" lina dawa nzuri ambayo walimu wengi hatuitumii. Muulize binti yako: ukikanusha "alisoma" unapata nini? Atasema "hakusoma". Ile "-li-" ya wakati uliopita imekwenda wapi? Imeondoka, kwa sababu "-ku-" imechukua kazi yake, na hakuna Mswahili anayesema "hakulisoma" akiwa na maana hiyo. Kiingereza kinafanya jambo lilelile: "did" ikishabeba wakati, kitenzi hurudi katika umbo lake la asili, tukapata "He didn't go" na "Did he go?" Nimeona wanafunzi waliolirudia kosa hili miaka miwili wakaliacha ndani ya wiki moja, kwa kuwa kanuni iliyokuwa ngeni iligeuka kuwa kitu walichokuwa wakikifanya tangu utotoni.

Hata ile "-s" ya "he goes" ni suala la upatanisho, na upatanisho ndio uti wa mgongo wa Kiswahili. Mtoto asiyethubutu kusema "kitabu limeanguka" anaujua upatanisho vizuri kuliko mtoto wa Kiingereza wa umri wake. Kinachomshinda ni mahali pa kuutafuta. Kiswahili huweka alama mbele ya kitenzi, "anasoma, wanasoma, kinaanguka", na Kiingereza huiweka mkiani, tena kwa nafsi ya tatu umoja peke yake. Ugumu huanza pale mtenda anapokuwa mbali na kitenzi. Katika "The leaves of this plant contain oil", wengi huandika "contains" kwa sababu "plant" ndilo neno lililo karibu. Waulize kwa Kiswahili, "majani ya mmea huu yana mafuta" au "una mafuta"? Watajibu "yana" bila kufikiri, na papo hapo wanajua kitenzi kinafuata neno gani.

Kwenye sentensi za masharti msaada wa Kiswahili una mpaka, na ni vizuri aujue. Tunazo ngazi tatu: "ukisoma utafaulu", "ungesoma ungefaulu" na "ungalisoma ungalifaulu". Kiingereza nacho kinazo tatu zinazolingana nazo kwa maana: "If you study, you will pass", "If you studied, you would pass" na "If you had studied, you would have passed." Lakini katika ngazi ya pili na ya tatu Kiswahili hurudia kiambishi kilekile pande zote mbili, ndiyo sababu wanafunzi wetu huandika "If you would study, you would pass." Katika Kiingereza pande hizo hazifanani: upande wa "if" huchukua umbo la wakati uliopita, na "would" hukaa upande wa matokeo tu. Pia katika mazungumzo siku hizi tunachanganya "-nge-" na "-ngali-" ovyo, kwa hiyo kabla hajafanya zoezi la Kiingereza la sharti lililokwisha kupita, ni heri aipambanue kwanza tofauti hiyo katika Kiswahili chenyewe.

Mawili mengine nitayapitia haraka. "I have seen him yesterday" inatokana na "nimemwona jana", na Kiingereza hakiruhusu umbo hilo likae pamoja na wakati uliotajwa na uliokwisha. Ikiwepo "yesterday", ni "I saw him". Halafu kuna saa. Mtoto anayeandika kwamba huamka "at twelve o'clock in the morning" anamaanisha saa kumi na mbili alfajiri, ambayo kwa Kiingereza ni "six o'clock". Kosa hili humfuata hata anaposoma: habari ikisema basi liliondoka "at seven in the morning", akilini mwake linaondoka saa saba badala ya saa moja, na kila swali la muda linaharibika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayompa ni daftari moja dogo la makosa yake mwenyewe. Kila kazi iliyosahihishwa na mwalimu, achukue makosa mawili au matatu tu, aandike sentensi aliyokosea, chini yake aandike iliyo sahihi, kisha aeleze kwa Kiswahili, kwa maneno yake, kosa limetokea wapi. Maelezo hayo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Jumapili asome upya yote aliyoandika na atunge sentensi moja mpya kwa kila kosa, sentensi inayohusu maisha yake. Baada ya mwezi ataona kwamba makosa yake si mia. Ni manane au kumi yanayojirudia, na mtu anaweza kupambana na makosa kumi.

Nije kwenye ufahamu. Watu hudhani mwanafunzi haelewi habari kwa sababu ya maneno magumu. Mara nyingi maneno anayajua, ila haoni yanavyoshikana. Nimeandika habari fupi hapa chini ili tuifanyie kazi pamoja, isome naye.

"Most of Zanzibar's cloves grow on Pemba. A clove is the flower bud of a tall evergreen tree, and it must be picked before it opens, since an open bud has lost much of its value. The pickers spread the buds on mats in the sun. They turn dark brown in a few days unless rain falls. A farmer with no shed nearby, however, may lose a week's work in a single shower."

Swali la kwanza la kumuuliza ni hili: katika sentensi ya nne, "they" ni nani? Wanafunzi wengi watasema ni wachumaji, kwa sababu sentensi iliyotangulia imeanza nao. Wachumaji hawageuki rangi ya kahawia kwa siku chache. Zinazogeuka ni karafuu. Sikiliza jinsi Kiswahili kingetuokoa: tungesema "zinageuka", na "zi-" peke yake ingetuelekeza kwenye karafuu, kwa kuwa wachumaji wangepewa "wa-". Msomaji wa Kiswahili ameshikwa mkono na ngeli tangu utotoni. Akiingia kwenye Kiingereza mkono huo unaachiwa, kwa sababu "they" hubeba watu, miti, nchi na mawazo bila kubagua, na "it" nayo ni hivyohivyo. Naamini hiki ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha watoto wetu kupotea katikati ya habari, na ni nadra sana kukitaja darasani. Dawa yake ni penseli. Kila anapokuta "it", "they", "them", "this" au "which", achore mshale kurudi kwenye neno linalowakilishwa, kisha ajiulize kama Kiswahili kingempa "ki-", "zi-" au "wa-". Upande mmoja Kiingereza kinamfaa zaidi: "Asha alimwambia Juma kuwa amechelewa" haituambii nani amechelewa, lakini "he" au "she" ingetuambia mara moja. Asiipite alama hiyo bila kuitumia.

Jambo la pili ni mpangilio wa maneno yanayolisifu jina. Kiswahili hutaja kitu kwanza, kisha sifa zake zinafuata nyuma. Kiingereza huanza na sifa na kukitaja kitu mwishoni. Anayesoma "the village school water tank" kwa mazoea ya Kiswahili atadhani anasoma habari za kijiji, kumbe ni habari ya tangi. Mfundishe kuanza na neno la mwisho na kurudi nyuma: tangi la maji la shule ya kijiji. Katika habari yetu, "the flower bud" ni kitumba cha ua, si ua. Kwenye vitabu vya Biolojia na Jiografia mafungu marefu ya namna hii yamejaa kila ukurasa, na mtoto akijua kuyasoma kuanzia nyuma anafaidika katika masomo hayo pia.

La tatu ni viunganishi, na hapa ningependa atumie muda mwingi. Maneno kama "since", "unless", "however", "yet", "while" na "whereas" ni machache, lakini ndiyo yanayogeuza uelekeo wa hoja, na watunga maswali huyalenga kwa makusudi. Mengine yana sura mbili. "Since" aliyoijifunza darasani ni "tangu". Katika habari yetu ni "kwa kuwa", kwani hakuna muda wowote unaohesabiwa, kuna sababu inayotolewa. "Yet" inaweza kuwa "bado" na inaweza kuwa "hata hivyo". "While" inaweza kuwa "wakati" na inaweza kuwa "ilhali". Asiyakariri kama orodha. Kila akikutana na moja, aandike pembeni kwa penseli maana yake ya Kiswahili katika sentensi hiyo tu, na baada ya miezi miwili atakuwa ameziona sura zote mbili mara nyingi kiasi cha kutozisahau.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie maneno asiyoyajua. "Evergreen" huenda haijui, na haina haja ya kumsimamisha, kwa sababu anaweza kuielewa habari yote bila hiyo. "Shower" huenda anaijua kwa maana ya bomba la kuogea, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani neno analodhani analijua litampoteza kuliko asilolijua. Sentensi iliyotangulia imetaja mvua, basi "a single shower" haiwezi kuwa jambo jingine zaidi ya mvua moja ya kupita. Mzoeze kutazama sentensi iliyo kabla na iliyo baada kabla ya kufungua kamusi. Kamusi aifungue baada ya kukisia, ili ithibitishe au isahihishe alichokisia. Mwenye kufungua kamusi kwa kila neno huchoka aya ya pili na kuusahau mwanzo wa habari.

Kwenye kujibu maswali, alama nyingi hupotea kwa sarufi, si kwa kutoelewa. Ukimuuliza "Why must a clove be picked before it opens?", jibu lianze na "Because", na lilete sababu yenyewe: "Because an open bud has lost much of its value." Anayenakili sentensi nzima kuanzia "A clove is the flower bud" anamwonyesha msahihishaji kwamba hajui jibu linaanzia wapi. Swali likiwa na "did", jibu liwe la wakati uliopita. Likiwa na "does", kitenzi cha jibu kipate "-s" yake. Kuna pia maswali ambayo jibu lake halikuandikwa popote. "What would a farmer with a shed do when rain came?" Habari haisemi, lakini inasema kwamba asiye na banda hupata hasara, kwa hiyo mwenye banda angezihamishia karafuu zake humo: "The farmer would carry the buds into the shed." Ona kwamba "would" ya swali imerudi kwenye jibu. Kwa maswali ya namna hii, mtake kila mara akuonyeshe kwa kidole sentensi iliyomwezesha kufikia jibu. Akishindwa kuionyesha, amekisia.

Ninapendekeza dakika arobaini kwa siku, siku tano kwa wiki. Habari iwe fupi, na si lazima itoke kwenye kitabu cha Kiingereza. Aya mbili za Biolojia anazotakiwa kuzisoma hata hivyo ni habari nzuri kabisa ya ufahamu, na kwa njia hiyo anapata faida mbili kwa kazi moja. Asome mara ya kwanza bila kalamu, mara ya pili achore mishale na kuandika maana za viunganishi, kisha achague sentensi tatu na kuzigeuza: iliyo katika kauli ya kutenda aipeleke katika kauli ya kutendwa, ya wakati uliopo aipeleke wakati uliopita, mbili fupi aziunganishe kwa "although" au "because". Hapo sarufi inafanyika juu ya sentensi ambazo maana yake anaijua, wala hapana kichwa cha zoezi kinachomnong'oneza kanuni.

Sasa nije kwako, mama. Kila anapomaliza kusoma, afunge kitabu akusimulie kwa Kiswahili alichosoma. Usimkatishe. Akimaliza, muulize maswali ambayo mtu yeyote angeuliza akisikia habari: nani alifanya hivyo, kwa nini, kisha ikawaje, na wewe umejuaje? Palipo na shimo kwenye simulizi yake ndipo alipokosa kuelewa, hata kama aliusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri bila kukwama. Mwambie arudi kwenye sentensi hiyo. Kazi hii haihitaji ujue neno moja la Kiingereza, na nimeona ikifanya kile ambacho mtihani wa majaribio wa kila wiki haukukifanya.

Zoezi la pili mnaloweza kulifanya pamoja ni la kutafsiri kwenda na kurudi. Roger Ascham, aliyemfundisha Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alilieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1570 kwa ajili ya watoto waliokuwa wakijifunza Kilatini, na sijaona lililolishinda. Binti yako achukue sentensi nne au tano za Kiingereza, azitafsiri kwa Kiswahili kizuri, na wewe ukikague hicho Kiswahili bila huruma: je, mtu husema hivyo? Kitabu kifichwe. Kesho yake azirudishe sentensi hizo katika Kiingereza akitumia tafsiri yake tu, kisha alinganishe na kitabu. Kila tofauti ni somo: alipoacha "the", alipotia "it" ya ziada, alipoweka "in" mahali pa "at" kwa sababu sisi "-ni" moja hututosha kwa zote. Tofauti hizo ziingie kwenye lile daftari la makosa. Programu ya kutafsiri ya kwenye simu isiguswe mpaka awe amemaliza, kwa maana ikimfanyia kazi hii hakuna alichojifunza.

Nilisema nitarudi kwenye hadithi. Pamoja na hizo dakika arobaini, anahitaji kusoma Kiingereza chepesi kwa wingi, kwa raha, bila maswali. Marcella Hu na Paul Nation walichapisha mwaka 2000 utafiti unaoonyesha kwamba ili msomaji aielewe hadithi vya kutosha bila msaada, anapaswa kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100. Hiyo ni kusema maneno mageni mawili tu kwa kila mia. Kwa hiyo afungue ukurasa wowote na ahesabu: akikuta maneno mageni matano au zaidi katika mistari kama kumi, kitabu hicho bado si chake kwa kusoma peke yake, hata kama wenzake wanacho. Achukue cha chini yake, hata kiwe kimeandikwa kwa ajili ya watoto wadogo, na asione haya. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba katika mikoa mingi, na shule nyingi za kata zina kabati la vitabu vya hadithi ambalo hufunguliwa mara chache. Mwandikie mwalimu wake wa Kiingereza barua fupi kuomba aazimwe kitabu kimoja kwa wiki. Walimu wengi hufurahi sana wakiombwa hivyo.

Kuhusu tuisheni, sikukatazi, lakini kabla hujalipa nenda ukaangalie wanachokifanya. Ukikuta watoto themanini wananakili kanuni na sentensi za kujaza mapengo kutoka ubaoni, binti yako anayo hayo tayari, na fedha hiyo ingenunua kamusi na vitabu viwili vya hadithi. Ukimpata mwalimu mwenye watoto wachache, anayewaandikisha aya moja kila wiki, anayeisahihisha na kuirudisha ili waiandike upya, huyo anafaa. Siku ya kwanza mpelekee lile daftari dogo la makosa, umwombe aanzie hapo.